Wote Kaskazini

Idara ilifungua majibu ya ajira za walimu saa nne asubuhi, na safari hii tovuti haikuanguka. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta ameiweka juu ya meza ya kupigia pasi, anatazama mstari wa kijani ukipanda kwenye skrini kisha ukatulia. Watu walikuwa wanaingia kwa makundi makundi, na seva inawapokea bila hata kukunja uso. Alijikuta anatabasamu peke yake.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Idara ilipotoa orodha ya walioitwa kwenye usaili, tovuti ilikwama kabla chai za watu hazijapoa. Waombaji walishinda kutwa wanatazama kiduara kikizunguka, na Mkurugenzi akasemwa redioni mpaka akaacha kuwasha redio ndani ya gari. Alimwita Fundi, ambaye si mwajiriwa wa idara bali mtu wa mkataba, tena mkataba wenyewe uko ukingoni, akamwambia, "Sitaki maelezo. Nataka ikimbie."

Fundi akaanza kuikaza hapa na kuilegeza pale. Aliongeza idadi ya kazi ambazo seva inaweza kuzishika kwa mpigo mmoja. Akapunguza muda wa kuwasubiri wanaozubaa mlangoni. Akazibana picha, na nembo ya idara, iliyokuwa nzito kuliko habari zote za ukurasa, akaiondoa kabisa. Mtambo ukachangamka, lakini kila alipouletea umati wa majaribio ulikuwa bado unahema. Mwishowe akawasha akiba.

Mama mkwe wake, aliyekuja kuwasalimia msimu uliopita wa mvua na bado anawasalimia, alimuuliza siku ile hiyo akiba ndiyo nini.

"Mama, kila mtu akiomba ukurasa, seva inampikia upya," Fundi alimweleza. "Wakija wengi jiko linazidiwa. Sasa nimeiambia, ukishaupika mara moja, utie kwenye hotipoti. Anayekuja nyuma mpakulie tu."

"Kwa hiyo wote wanakula chakula kimoja?"

"Kile kile."

"Na asiyekula chumvi?"

Fundi alicheka sana, akamwambia mkewe kwamba mama angefaa kuwa mhandisi. Asiyekula chumvi alikuwa ameshamfikiria. Kurasa za mtu binafsi, zile zinazofunguka kwa neno la siri, haziwekwi akiba. Hilo analijua hata anayeanza. Aliandika kanuni ya kuzitenga. Kisha akajaribu kwa akaunti ya majaribio aliyojitengenezea mwenyewe, akafungua ukurasa wa majibu tena na tena, na kila mara ukamjibu upesi na kwa ukweli: hakuna ombi. Akaridhika, akaenda kulala.

Sasa mkewe alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Hakuwa ameketi tangu alfajiri.

"Imefunguka?"

"Ingia tu. Utafikiri ilikuwa inakusubiri wewe."

Mtaani mkewe wanamwita Mwalimu, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza, maana tangu amalize chuo hajawahi kuajiriwa. Anasaidia kwenye chekechea ya mwanamke ambaye kila mtu anamwita Madamu. Huko anawafuta watoto kamasi na kufagia ua, na Madamu humwita "dada", hasa wazazi wakiwa wanasikia. Asubuhi hiyo aliomba ruhusa kwa kusingizia tumbo.

Alibonyeza. Ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Fundi alimsikia akisoma kwa sauti, polepole, jina lake lote, kisha, "Hongera. Umechaguliwa. Utaripoti ofisi ya elimu, kanda ya kaskazini." Halafu akapiga kelele ambayo mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga uani, alidhani ni nyoka.

"Yuko wapi? Yuko wapi?" aliingia na kisu mkononi.

"Mama, nimechaguliwa!"

Mama mkwe alikitazama kisu, akakiweka juu ya redio, akamkumbatia mwanawe. Kisha akamgeukia Fundi. Tangu awaoze alikuwa anaamini kwamba mkwewe hana kazi, ila anakodolea macho kompyuta kwa hiari yake. "Baba, na wewe leo nimekuvulia kofia," akamwambia. "Imefunguka upesi, hata moyo wa mtoto haukupata muda wa kudunda."

Fundi alipokea sifa ile akiwa ameinamisha kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka. Mkewe alikuwa ameshawatangulia sebuleni kupiga simu, na ameiweka spika ili wote wasikie.

"Madamu, shikamoo."

"Marahaba, dada. Tumbo limepoa? Maana hapa watoto wamejaa na ua haujafagiliwa."

"Tumbo limepoa, Madamu. Nimepata ajira. Sitarudi."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto wakigombania kitu.

"Hutarudi kesho?"

"Sitarudi kabisa."

"Na huo ufagio wako nani ataushika?"

"Ufagio mpe mwenye shule, Madamu. Na mimi siitwi dada. Naitwa mwalimu."

Akakata. Mama mkwe akapiga makofi. Mkewe alibaki ameishika simu kwa mikono miwili, amejishangaa mwenyewe, na Fundi alimpenda kuliko siku zote. Kisha akarudi chumbani kuutazama mstari wake wa kijani.

Haukupita muda mrefu, mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa rafiki wa mkewe, waliyesoma naye chuo, na ambaye waliwahi kuandika naye barua za maombi wakigawana wino. Anaitwa Kipenga, kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, jirani wa pili anapata habari kamili.

"Mwenzangu! Nimepata!"

"Na mimi!"

"Muongo!"

"Haki ya Mungu tena! Kaskazini!"

"Kaskazini? Na mimi kaskazini!"

Walirukaruka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Fundi aliwasikia wakipanga kutafuta nyumba moja, vyumba viwili, Kipenga apike na mkewe afue, maana wanajuana. Mama mkwe akawauliza mume je, naye atafuliwa na nani. Wakacheka. Kipenga akasema shemeji atabaki na kompyuta yake, hiyo haina wivu.

Simu ya mkewe ikaita. Fundi alisikia tu upande wa huku.

"Na wewe? Jamani! Wapi? Kaskazini! Njoo basi, tutapanga nyumba kubwa zaidi." Kisha akawaambia wenzake, "Ni yule mwenzetu aliyehamia kwa shangazi yake. Anasema hata yule kaka aliyefeli mazoezi ya kufundisha kachaguliwa."

"Kapelekwa wapi?" Kipenga aliuliza.

"Huko huko kaskazini."

"Huko kaskazini kuna watoto wangapi, jamani, mpaka wamalize walimu wote?"

Wanawake waliangua kicheko. Chumbani, Fundi aliacha kutazama mstari. Aliandika jina la akaunti yake ya majaribio, ile ambayo si ya mtu, haina cheti wala haijawahi kuomba kazi, akafungua ukurasa wa majibu.

"Hongera. Umechaguliwa. Utaripoti ofisi ya elimu, kanda ya kaskazini."

Alifungua kanuni yake ya kuzitenga kurasa za watu binafsi, akaisoma. Ilikuwa imetaja kurasa zote zilizo chini ya akaunti. Ukurasa wa majibu haukuwa chini ya akaunti. Ulikaa peke yake, kwa anwani yake, na yeye hakuutaja. Mtu wa kwanza kuingia saa nne alikuwa na bahati yake, amepangiwa kaskazini. Seva ikampikia ukurasa wake, ikautia kwenye hotipoti, na tangu hapo imekuwa ikiwapakulia wote wanaokuja. Jina la juu lililetwa kwa njia nyingine, kwa hiyo kila mmoja aliona jina lake mwenyewe juu ya majibu ya mtu mwingine. Na yeye alikuwa amejaribu kwa akaunti moja tu, peke yake, akijiuliza na kujijibu. Alipojaribu, sahani ilikuwa moja na mlaji mmoja. Angeonaje kwamba zimechanganyika?

Nakala ile ya kwenye hotipoti aliipa uhai mpaka jioni, isipikwe nyingine. Aliona fahari alipoandika hivyo.

Alipompigia Mkurugenzi, simu ilipokelewa haraka.

"Fundi wangu! Wakubwa wamenipigia kunipongeza. Imekimbia kama nini sijui!"

"Mzee, kuna tatizo." Alimweleza. Hakujificha popote, alisema niliandika, nilisahau, sikujaribu vizuri.

"Walioona majibu yasiyo yao ni wangapi?"

"Wote, mzee. Isipokuwa yule wa kwanza."

"Wote wamechaguliwa?"

"Wote kaskazini."

Mkurugenzi alikohoa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwenda kufunga mlango wa ofisi. "Sasa sikiliza. Futa hicho kitu chako kimya kimya. Wakifungua tena wataona majibu yao. Mtu atasema alisoma vibaya. Furaha hufanya hivyo."

"Na waliopiga picha ya skrini?"

"Picha zinaghushiwa kila siku. Tutasema hivyo."

"Mzee, tuweke tangazo. Mke wangu mwenyewe ni mmoja wao."

"Basi huyo utamweleza chumbani kwenu. Ukisafisha vizuri, mkataba mpya nautia sahihi leo. Ukiweka tangazo, umejifukuza mwenyewe. Sijui kama nimeeleweka."

Alikuwa ameeleweka. Fundi alikaa kidogo akiisikiliza nyumba. Sebuleni Kipenga alikuwa anaigiza jinsi atakavyoingia darasani siku ya kwanza, na mkewe anajifanya mwanafunzi mtukutu wa nyuma. Kanzidata ya idara, yenye majibu ya kila mwombaji, ilikuwa wazi mbele yake. Kuandika jina la mkewe na kuona majibu yake ya kweli ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Vidole vyake vilifika mpaka kwenye vitufe. Akaviondoa, akasimama, akatoka.

"Shemeji naye kaja kutupongeza!" Kipenga alisema. Kisha akauona uso wake.

"Kaeni," Fundi alisema. "Hayo majibu mliyoyaona si yenu."

Alirudia mara mbili kabla hawajamwelewa, na mama mkwe ndiye aliyeelewa mwanzo. Alirudi kwenye kiti chake taratibu akakaa. Kipenga aliifungua simu yake tena, akawaonyesha. "Lakini jina langu hili hapa. Shemeji, tazama. Jina langu."

"Jina ni lako. Yaliyo chini si yako. Ni ya mtu mmoja, mmeletewa wote."

"Nani kaleta?"

"Mimi."

Mkewe alikuwa anatazama sakafu, na alipozungumza hakutaja ajira wala kaskazini. "Nimemwambia Madamu ampe mwenye shule ufagio," alisema. "Umenisikia nikimwambia. Ulikuwa unacheka."

"Sikujua bado."

"Majibu yangu ya kweli unaweza kuyaona huko ndani?"

"Naweza."

"Umeyaona?"

"Hapana."

"Na wakubwa zako wanasemaje?"

Fundi aliwaeleza, pamoja na habari ya mkataba, na habari ya macho yanayosoma vibaya kwa furaha. Kipenga akatukana. Mkewe alisimama, akaingia chumbani, akaketi kitandani mbele ya kompyuta, na Fundi akamfuata. "Mimi nimesoma vibaya?" mkewe aliuliza. "Tangu darasa la kwanza sijawahi kusoma vibaya. Andika tangazo."

"Nikiandika hivyo nyumba nzima itakuwa haina kazi."

"Andika."

Akaandika kwamba kumetokea hitilafu ya kimtandao. Mkewe akamwambia hitilafu haikutokea, haina miguu. Akafuta. Akaandika upya: majibu yaliyoonekana tangu saa nne si sahihi, kosa ni la mtambo wa idara na si la waombaji, kila mmoja afungue tena, na tunaomba radhi. Akaliweka ukurasa wa mbele. Kisha akaitupa nakala ya akiba, akazima kila kitu kinachoihusu, akaiwasha seva upya. Simu yake ilianza kuita karibu papo hapo. Alilitazama jina la Mkurugenzi likiwaka na kuzimika, akaigeuza simu kifudifudi.

Sasa seva ilikuwa inampikia kila mtu chake, na wote walikuwa wamerudi kwa pamoja. Mstari wa kijani ukawa mwekundu. Sebuleni wanawake wawili walikaa kochi moja, simu mkononi, viduara vinazunguka. Hakuna aliyelalamika kwamba inachelewa. Mama mkwe alirudi kwenye mboga zake, akashika jani moja na kulichambua mpaka likaisha.

Ya Kipenga ilifunguka kwanza. Aliisoma kimya, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, sauti yake haikufika hata kwa aliyekaa kando yake. Mke wa Fundi ilimbidi ainame kuona. Samahani. Hukuchaguliwa katika awamu hii.

Alimshika mkono. Alikuwa bado ameushika mkono huo pale simu yake mwenyewe ilipotoa mwanga. Jina lake lote. Hongera. Umechaguliwa. Utaripoti ofisi ya elimu, kanda ya kusini.

Mama mkwe aliinua mikono apige makofi, akaona nyuso zao, akaishusha mapajani. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Furaha ilimpanda mpaka kooni, akaimeza, kwa sababu ya Kipenga.

"Hongera, mwenzangu," Kipenga alisema. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Umestahili. Darasani ulikuwa unatupita wote." Alisema hivyo akimtazama Fundi.

"Awamu ijayo na wewe," mkewe alisema.

"Awamu ijayo." Alifika mlangoni, akasimama. "Shemeji."

"Naam."

"Kama iliwezekana kumweka mmoja, iliwezekana kuwaweka wawili."

"Sikumweka mtu," Fundi alisema. "Kipenga, naapa. Sikuangalia hata."

"Sikulaumu. Hata mimi ningeanza na wangu." Akatoka, na mlango akaurudisha polepole, kama ndani kuna mgonjwa.

Mama mkwe akasema mwacheni, ni uchungu unaongea, kesho atarudi kuomba chumvi. Kisha akajikokota kwenda jikoni. Alipompita Fundi alimgusa mgongoni mara mbili, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha, akamkonyeza jicho. Fundi alisimama pale na ule ukonyezo, hajui aupeleke wapi.

Aliingia chumbani. Simu ilikuwa imeacha kuita na badala yake umeingia ujumbe mfupi wa Mkurugenzi: asiguse tena seva ya idara, nywila zote zinabadilishwa. Alikuwa anausoma mkewe alipoingia, akaufunga mlango nyuma yake na kuhakikisha umeshika.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

Mkewe aliketi kando yake. Alikuwa ameishika simu yake, na majibu yake bado yako wazi. Aliyatazama, akamtazama mumewe. "Kabla hujatoka kutuambia," akasema kwa sauti ya chini, "ulikaa humu ndani peke yako muda."

"Nilikuwa naongea na Mkurugenzi. Sikugusa kitu, mke wangu. Hiyo nafasi ni yako. Umeipata kwa akili yako."

"Sawa."

"Unanisikia? Ni yako."

"Nimekusikia." Alilaza kichwa begani kwake, akachezea kidole chake, akapumua kwa muda mrefu. "Sitamwambia mtu," akanong'ona. "Asante."